Bustani ya Paani ni Ghorofa Nyingine

Mtu anayetaka kujenga karibu na Ziwa Victoria mjini Musoma hukutana na mpaka mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa lenyewe limekwisha kuonyesha sababu: Mei 2020 maji yalipanda mpaka yakaipita rekodi ya mwaka 1964, yakawafuata hata walioamini kwamba ufukwe hauhami. Kwa hiyo mwenye kiwanja Kitaji, Mwisenge au Makoko anayepanga kujenga fleti za hadhi ya juu hana ufukwe wa kumuuzia mnunuzi. Alichonacho ni mandhari, na mandhari ya Musoma huonekana vizuri mtu akiwa juu: ghuba ya Mara, majabali, mitumbwi ya dagaa ikiwasha taa usiku. Hapo ndipo linapoingia wazo ambalo katika matangazo ya nyumba za Dar es Salaam na Nairobi limeshazoeleka. Badala ya bati, paa liwe sakafu ya zege yenye nyasi na maua, viti, kivuli, jiko la kuchomea nyama, pengine na bwawa dogo la kuogelea, vyote vikiwa mali ya wakazi wote wa jengo.

Wazo lenyewe halina ubaya. Tatizo ni wakati linapoletwa mezani. Mara nyingi bustani ya paani hufikiriwa mwishoni, rangi ikishapakwa, pamoja na mapazia na taa za getini, kana kwamba ni pambo. Hoja ya makala haya ni kwamba si pambo hata kidogo. Ni ghorofa nyingine kamili: ina uzito wake, maji yake, watu wake, ngazi zake za kukimbilia na gharama zake za kila mwezi. Kwa hiyo jengo la ghorofa tano lenye bustani juu lihesabiwe kuwa la ghorofa sita, tangu kwenye msingi, kwenye kibali cha ujenzi na kwenye mkataba wa michango ya wakazi. Na jengo ambalo halikuhesabiwa hivyo tangu mwanzo lisiongezewe ghorofa hiyo kwa mlango wa nyuma, eti kwa sababu inaota maua.

Msomaji anayeona huo ni ukali uliopitiliza na auangalie mji wa Riga, Latvia. Mtaani Zolitūde kulikuwa na duka kubwa la Maxima, jipya kabisa, lililojengwa mwaka 2011. Juu ya paa lake ilikuwa inatengenezwa bustani ya kupumzikia kwa ajili ya wakazi wa jengo la fleti lililopakana nalo. Jioni ya tarehe 21 Novemba 2013, watu wakiwa wanafanya manunuzi baada ya kazi, paa likaporomoka. Walikufa watu 54, wakiwemo waokoaji waliokuwa wameingia ndani sehemu nyingine ya paa ilipoanguka. Haikupita wiki moja, waziri mkuu wa nchi alijiuzulu. Uchunguzi uligundua kwamba kosa kubwa lilikuwa kwenye hesabu za mhandisi: viungo vya kenchi za chuma zilizobeba paa vilikuwa dhaifu kuliko uzito vilivyotakiwa kuubeba. Lakini kosa hilo lilikuwa limelala pale kwa miaka miwili bila kumdhuru mtu. Liliamshwa na udongo, kokoto na matofali ya bustani, ambayo yalipandishwa juu huku duka likiendelea kuuza.

Riga haiko peke yake. Huko Hong Kong, tarehe 20 Mei 2016, paa la ukumbi wa michezo wa chuo kikuu kimoja lilianguka muda si mrefu baada ya kuwekewa nyasi. Waliojeruhiwa ni watu watatu, na ilikuwa bahati tu kwamba ukumbi haukuwa umejaa. Waliochunguza walitaja mambo matatu yaliyokutana: tabaka la saruji lililokuwa nene kuliko lililoandikwa kwenye mchoro, uzito wa bustani, na maji yaliyotuama. Miaka mitano baadaye, tarehe 24 Juni 2021, jengo la fleti la ghorofa 12 lililokuwa kando ya bahari huko Surfside, Florida, liliporomoka kwa sehemu usiku na kuua watu 98. Hilo lilikuwa jengo la watu wenye uwezo, katika nchi yenye sheria kali na wahandisi wengi. Wachunguzi wa serikali ya Marekani wameelekeza macho kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea iliyokuwa juu ya maegesho ya magari: haikufikia viwango tangu ilipobuniwa, kisha ikaongezewa masanduku ya maua na matofali ya kukanyagia ambayo hayakuwa kwenye hesabu. Ripoti ya mhandisi ya mwaka 2018 ilikuwa imeshaonya kwamba sakafu hiyo ilikuwa bapa mno, maji hayaondoki, na tabaka la kuyazuia lilikuwa limeshindwa.

Mifano hii mitatu imetoka mbali, lakini hesabu iliyoyaangusha majengo hayo ni ileile Musoma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na udongo uliolowa vizuri hufika kilo 1,600 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo. Chukua paa la mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300, ukubwa wa kawaida kwa jengo la fleti. Panda nusu yake tu, kwa udongo wa kina cha sentimita 30, ambao unatosha nyasi na vichaka vifupi na hautoshi mti. Udongo huo ukilowa utakuwa na tani 80 hivi. Chini yake kuna tabaka la saruji la kutengeneza mteremko. Likiwa na wastani wa sentimita 7 paa zima, ni tani 46 nyingine. Hadi hapo hakuna kiti, hakuna ukuta wa kingo, hakuna mtu, na tayari ni sawa na kuegesha malori karibu 13 yenye uzito wa tani 10 kila moja juu ya vyumba vya watu waliolala. Paa la mabati pamoja na mbao zake kwa kawaida halifiki hata kilo 40 kwa mita moja ya mraba. Bustani hii, palipopandwa, inapita kilo 600. Bwawa la kuogelea la kina cha mita 1.2 lina kilo 1,200 za maji peke yake katika kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu zege linalolizunguka.

Hapa fundi mzoefu atainua mkono. Atasema zege ni zege, nondo zimefungwa, na kila jengo mjini limebeba matangi ya maji juu bila kuanguka. Ni pingamizi lenye mantiki, kwa hiyo linastahili jibu kamili. Tangi la lita 5,000 ni tani 5 kweli, lakini aliyelipanga vizuri ameliweka juu ya nguzo au ukuta, mahali ambapo uzito unashuka moja kwa moja hadi ardhini. Bustani haikai hivyo. Inatandazwa katikati ya slabu, pale inapopinda zaidi. Tena kila zege limehesabiwa kwa kazi yake. Kwa viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wetu wengi wamevitumia kwa miaka mingi, paa bapa linalofikiwa kwa matengenezo tu huhesabiwa mzigo wa kilo 75 hivi kwa mita ya mraba, chumba cha kuishi kilo 150, na mahali pa mkusanyiko wa watu kilo 400 hadi 500. Hizo ni hesabu za watu na samani peke yake, udongo ukiwa haumo. Slabu inayofanana na nyingine kwa macho inaweza kuwa na nusu ya nondo zake, na hakuna fundi anayeweza kuijua tofauti hiyo kwa kuigonga na kisigino. Ni kweli kwamba wahandisi huacha ziada ya usalama. Ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mchanga mbaya, saruji iliyopungua, nondo iliyopinda na makosa mengine ambayo hayakosekani katika ujenzi wowote. Anayeitumia kwa udongo wa maua ametumia akiba ambayo tayari ina wenyewe.

Na watu wenyewe ni mzigo wa aina yake. Sakafu ya juu yenye upepo wa ziwa haitabaki mahali pa wazee wawili kunywa chai. Itaombwa kwa send-off, kwa kipaimara, kwa sherehe ya kumaliza chuo, na mkoani Mara sherehe ikipamba moto ngoma ya ritungu haiko mbali. Watu mia moja wakikaa wametulia wana uzito wa tani 6 au 7. Watu haohao wakiruka pamoja kwa mdundo mmoja huipiga sakafu kwa nguvu kubwa kuliko uzito wao, na sakafu nyembamba yenye nafasi ndefu kati ya nguzo huanza kuitikia mdundo huo. Mhandisi asiyeambiwa kwamba watu watacheza ngoma hawezi kulaumiwa kwa kutoiweka kwenye hesabu. Mwenye jengo akae naye kabla ya msingi kuchimbwa, amweleze bila aibu kila kitakachofanyika juu: ni wangapi watapanda, watakula wapi, tangi litakaa wapi, na kama siku moja anaota bwawa, aliseme siku hiyo.

Uzito huua ghafla, lakini maji ndiyo yanayoharibu majengo mengi zaidi, na pwani ya Waswahili ina ushuhuda wa zamani kuhusu hilo. Nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe, Zanzibar, zilijengwa zikiwa na mapaa bapa. Boriti za mikoko zilipangwa karibukaribu, juu yake mawe, kisha zege la chokaa lililopondwa hadi likashikana. Na kwa kuwa boriti haivuki mbali, vyumba vingi vilibaki na upana wa kama mita 3. Juu palikuwa mahali pa kuanikia, kupungia upepo na kulala wakati wa joto, kama watu wa Oman na nchi za Ghuba walivyozoea. Lakini Zanzibar si Oman. Mvua za masika zilipata kila ufa wa chokaa, zikafuata boriti hadi ndani ya ukuta, na baada ya muda wenye nyumba wengi waliyafunika mapaa hayo kwa mabati yenye mteremko. Mahali ambapo starehe ya juu imerudi, kama kwenye hoteli za mtaa wa Hurumzi, imerudi kama vibanda vyepesi vya mbao vyenye paa lao, si kama mashamba. Mji ulijaribu paa bapa kwa vizazi kadhaa kisha ukatoa hukumu yake: bila njia ya uhakika ya kuyaondoa maji, bati ni bora.

Leo njia hiyo ipo, ila haina mkato. Paa linahitaji kwanza mteremko wa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye matundu ya maji yasiyopungua mawili, ili moja likiziba na majani lingine lifanye kazi, pamoja na tundu la dharura kwenye ukuta wa kingo kwa siku ambayo yote yameziba. Juu ya mteremko hukaa tabaka la kuzuia maji, mara nyingi shuka za lami zinazobandikwa kwa moto wa gesi, zikipanda ukutani hadi juu ya usawa wa udongo, kwa sababu maji hupenya zaidi pembeni kuliko katikati. Kisha lijaribiwe. Matundu huzibwa, maji hujazwa kina cha sentimita chache, paa huachwa hivyo kwa saa 24 hadi 48, na watu hushuka chini kukagua dari ya kila chumba. Jaribio hili ni rahisi kuliko yote katika ujenzi na ndilo linalorukwa zaidi, kwa kuwa linachelewesha malipo. Kuliruka kuna adhabu ya kipekee: bati linalovuja huonekana na kubadilishwa asubuhi moja, lakini lami inayovuja chini ya tani 80 za udongo haionekani, na maji yake yanaweza kuingilia pembe hii yakatokea kwenye dari ya jirani mita 10 kutoka hapo. Kuitafuta ni kuing'oa bustani nzima.

Juu ya lami huja tabaka la kuzuia mizizi, kisha kokoto au plastiki yenye vikombe ya kupitishia maji, kisha kitambaa cha kuchujia, ndipo udongo. Na udongo usiwe ule wa shambani, mweusi na mzito, unaofanya tope masika na kupasuka kiangazi. Huchanganywa na vitu vyepesi, kama mawe ya volkano yenye matundu yanayopatikana upande wa Arusha na Kilimanjaro, pumba za mpunga zilizooza, au makumbi ya nazi. Mchanganyiko mzuri unaweza kupunguza uzito kwa theluthi moja au zaidi. Mimea ichaguliwe kwa mizizi yake kabla ya maua yake: mshubiri, katani za mapambo, mchaichai, bogenvilia kwenye masanduku, nyasi fupi. Mkuyu na jamaa zake wote ni marufuku, na hawa hawahitaji kupandwa. Ndege huleta mbegu zao, nazo huota kwenye ufa wowote, kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kuzing'oa zikiwa bado changa. Kumwagilia nako kuna hesabu yake. Siku kavu ya Julai, lita 5 kwa mita ya mraba si nyingi, na kwa mita 150 za bustani hiyo ni lita 750, sawa na ndoo 37 na nusu za lita 20, kila siku, katika jengo ambalo wakazi wake wanataka pia kuoga.

Upepo na radi vinaweza kusemwa kwa ufupi, ingawa visidharauliwe. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne, na dhoruba za usiku za ziwani zinajulikana na kila mvuvi wa Mwigobero. Mwavuli mkubwa usiofungwa ghorofa ya sita ni hatari kwa mpita njia wa chini. Ukuta wa kingo usipungue mita 1.1 kutoka pale mtu anaposimama, na si kutoka kwenye zege kabla udongo haujawekwa, kosa ambalo hulifanya jengo lipoteze sentimita 30 za usalama bila mtu kugundua. Kuhusu radi, Kanda ya Ziwa haihitaji kuhubiriwa: Januari 2025 iliua wanafunzi 7 wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Sakafu ya wazi juu ya jengo refu inahitaji kinga ya radi, vyuma vyote vya kingo vikiunganishwa na waya wa ardhini, na kanuni isiyo na mjadala kwamba wingu likinguruma watu washuke. Taa nazo ziwe chache na za chini. Wadudu wa ziwani huja kwa mamilioni penye mwanga mkali, na asubuhi mtu anaokota mizoga kwa koleo.

Pingamizi zito zaidi si la kiufundi. Kuna atakayeuliza kwa nini gazeti la watu wa kawaida lipoteze kurasa kwa bustani za matajiri, wakati mkazi wa Nyasho au Bunda Mjini anahangaika na bati moja na mifuko kumi ya saruji. Jibu la kwanza ni kwamba jengo halichagui linayemwangukia. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Kisutu, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Viongozi walieleza baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa zilizozidi hazikuwa zimekaa hewani. Zilikaa juu ya nguzo zilizohesabiwa kwa mzigo mwingine, na chini walikuwepo mafundi, vibarua na watoto waliokuwa wakicheza jirani. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wachuuzi na wateja. Bustani ya paani iliyopandishwa baada ya kibali kutoka ni ghorofa iliyozidi kibali, hata kama haina kuta. Katika mji unaokua kama Musoma, au Bunda kando ya barabara ya Mwanza hadi Sirari, desturi inayoruhusiwa leo kwenye majengo machache ya wenye fedha ndiyo itakayoigwa kesho kwenye gesti na maduka ya ghorofa tatu, bila mhandisi kabisa.

Jibu la pili ni kwamba paa linaloweza kutumika si lazima liwe anasa. Jengo la fleti 337 lililokamilika Marseille, Ufaransa, mwaka 1952, kazi ya msanifu Le Corbusier, lilibuniwa tangu mwanzo likiwa na shule ya chekechea, njia ya mazoezi ya kukimbia na kidimbwi cha watoto juu ya paa, na lilikusudiwa watu waliopoteza makazi vitani, si mabwanyenye. Watoto wa ghorofani ambao hawana uwanja chini wanaupata juu. Udongo na kivuli huipunguzia joto fleti ya mwisho, ambayo chini ya slabu tupu huwaka hadi usiku wa manane, na huilinda lami dhidi ya jua la nyuzi chache kutoka Ikweta, ambalo huikausha na kuipasua mapema. Faida hizi ni za kweli. Ila zilipatikana Marseille kwa sababu paa lilichorwa pamoja na msingi, na hiyo ndiyo hoja yote.

Baada ya ujenzi huja suala la nani analipa, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloua bustani nyingi zaidi ya wadudu na kiangazi. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, namba 16 ya mwaka 2008, inamwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake, huku paa, ngazi, lifti na uwanja vikiwa mali ya pamoja ya wamiliki, inayosimamiwa na chama chao kwa michango yao. Mpango huo ni mzuri, lakini unamaanisha kwamba mkazi wa ghorofa ya kwanza ambaye hapandi juu kabisa atachangia lami ya paa, na wa ghorofa ya tano ambaye dari yake inalowa hawezi kuitengeneza peke yake. Mjenzi anayeuza fleti kwa picha ya bustani ataondoka akishamaliza kuuza. Lami itafika mwisho wake baada ya miaka 15 au 20 hivi, na siku hiyo gharama ya kuishusha bustani, kubandika upya na kuipandisha tena itakuwa ya waliobaki. Chama kinachokusanya fedha za mlinzi na taa peke yake, bila kuweka akiba ya paa tangu mwaka wa kwanza, kinajikopea matatizo. Mtunza bustani naye asiwe mlinzi anayepewa mpira wa maji jioni. Kusafisha matundu ya maji kila mara kabla ya vuli na masika ni kazi yenye tarehe, jina la mtu na sahihi.

Wenye majengo yaliyokwisha kujengwa watauliza kama wao hawana lao. Wanalo, ila ni dogo. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi anaweza kupima nondo na zege la slabu iliyopo na kusema inabeba nini. Mara nyingi jibu litakuwa masanduku mepesi ya maua yaliyopangwa juu ya mihimili na kando ya kuta, turubai la kivuli lililofungwa barabara, na idadi ya watu iliyoandikwa mlangoni na kuheshimiwa. Vyombo vya maua visiwe na maji yanayosimama, kwa kuwa malaria tunayo ya kutosha. Mwenye nafasi ya uani apande bustani yake chini, ambako ardhi hubeba uzito wowote bila kudai mchoro. Na asiyeweza kulipia hesabu, lami na jaribio la maji aezeke bati bila kujiona mshamba. Mji Mkongwe ulifanya hivyo.

Kwa anayenunua au kupanga fleti yenye bustani juu, ombi ni moja: kabla ya kutoa malipo ya awali, aombe kuona mahesabu ya mhandisi yenye mhuri yanayotaja uzito wa udongo uliolowa na wa watu, kibali cha halmashauri chenye mchoro unaoonyesha bustani hiyo, na ripoti ya jaribio la maji iliyotiwa sahihi. Aulize pia chama cha wamiliki kinaweka akiba kiasi gani kwa ajili ya paa. Muuzaji akisema karatasi hizo zitakuja baadaye, fleti iliyo chini ya bustani hiyo isinunuliwe.